Kompyuta Iliyoamkia Wazee

Salim amezeeka kabla yangu, na nimemwambia hivyo usoni mwake. Alicheka, akashika tumbo lake jipya kwa mikono miwili, akasema mimi nami kipara changu kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Yeye alikwenda kutafuta riziki ng'ambo, mimi nikabaki hapa kisiwani, na juzi amerudi kwa harusi ya binti yake. Tulikaa mkahawani karibu na Mji wa Kale, sahani ya mbaazi za nazi baina yetu na mahamri yangali moto, na kabla sijamaliza la kwanza akatoa simu akanionyesha ukurasa wa programu ya kupima akili tuliyoitumia ujanani. Siku hizi inatumiwa na vyuo na hospitali nisizozijua hata kwa majina. Ni programu huria: yeyote anaweza kuichukua bure, kuifungua aone kilichomo, kuirekebisha, kisha kuwarudishia wenzake wafaidi. Na humo ndani, katikati ya maandishi ya watu wa kila nchi, ipo sehemu fupi tuliyoiandika sisi wawili. Ningali naiona mbele ya macho yangu. Nililisahau hamri mkononi. Moyo ulinienda mbio vilevile kama mwaka ule, na mtu mzima mimi, nikaanza kuongea kwa sauti ya juu hadi watu wa meza ya pili wakageuka.

Mwaka ule nilikuwa nakaa Ganjoni, chumba kimoja kwenye ghorofa za karibu na shule, na asubuhi nilikuwa karani katika ofisi moja ya Mbaraki, nikiingiza majina ya mizigo kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa inaleta usingizi. Mchana nilikuwa huru, na uhuru wa kijana asiye na shughuli ni hatari, kwa hiyo Salim, tuliyesoma naye chuo, alinishika mkono akanipeleka kwa Dada Zuhura. Salim mwenyewe alikuwa mtoto wa Tononoka, fundi wa kompyuta kwenye kibanda kisicho na dirisha, na mdomo wake ulikuwa haulali. "Kuna mama mmoja anapima akili za watu," aliniambia njiani. "Yako tutaiacha nje, asije akavunjika moyo." Ndivyo alivyokuwa akinisema kila siku, na ndivyo anavyonisema hadi leo.

Dada Zuhura alikuwa mwalimu wa saikolojia, mzaliwa wa Mji wa Kale, mwembamba, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Alikuwa akisomea shahada ya juu, na utafiti wake ulihusu wazee: namna ya kutambua mapema uzee wa kawaida ni upi na maradhi ya kusahau ni yapi. Alikuwa amekodi chumba cha juu, juu ya duka la muuza udi na marashi, kwa sababu kuta za nyumba ile zilikuwa nene na kelele za tuktuk haziingii. Ngazi zilikuwa nyembamba, unapanda ubavu. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta, kiti kimoja chenye mto, na dirisha lililofunikwa shuka ili mwanga usichezee skrini. Tulitoka mle kila siku tunanukia kama mabwana harusi. Alitueleza jaribio lake kwa maneno machache. Mtu anaketi mbele ya skrini. Duara jekundu likitokea, anabonyeza kitufe. Kompyuta inapima muda uliopita baina ya kuona na kubonyeza, hadi vipande vya sekunde ambavyo jicho haliwezi kuvihesabu, na ukirudia mara nyingi unaanza kuona jinsi akili inavyoshika na inavyoteleza. Nilidhani anatania. Duara na kitufe, basi? Alinikalisha nikajaribu, nikatoka nimelowa jasho, na tangu pale nilinasa.

Programu aliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa ya kununua. Ilisema Kiingereza kitupu, ilifanya kazi kwenye kompyuta moja tu, na ndani yake ilikuwa imefungwa. Inakupa jibu la mwisho, lakini ilivyolipata huambiwi. Salim ndiye aliyesikia habari za ile huria. Yeye mwenyewe aliiogopa kidogo, akasema rahisi ghali, kitu cha bure lazima kina lake jambo. Tuliishusha kwenye intaneti polepole siku nzima, tukila mkate wa sinia na kuomba stima isipotee. Ilipofunguka, na maandishi yake yote yakatandazwa mbele yangu, niliona raha ambayo sijui niifananishe na nini. Ningeweza kusoma kila mstari. Hapa ndipo saa inapoanza kuhesabu, hapa ndipo duara linapochorwa, hapa kuna mtu asiyenijua ameandika maelezo ya kumsaidia mtu kama mimi. Nilisoma hadi macho yakaniwasha. Nikiwa ofisini Mbaraki siku ya pili, niliandika neno duara mahali pa jina la mzigo wa mchele.

Kazi yetu ilikuwa kuifanya iseme Kiswahili, kwa sauti, maana wazee wengi hawakutaka kusoma maandishi madogo kwenye skrini. Sauti ikawa yangu. Niliirekodi Ganjoni nikiwa nimejifunika mablanketi kichwani ili kelele za nje zisiingie, na Salim aliposikia akasema nasikika kama msomaji wa matangazo ya vifo redioni. Dada Zuhura alisikiliza mara moja, akatikisa kichwa. "Umeanza na 'ukiona duara, bonyeza.' Unamwamrisha mtu mzima na hujamwamkia?" Mimi mtu wa milima ya Taita, nilijua adabu, lakini sikudhani kompyuta nayo inadaiwa adabu. Nikarudi chini ya mablanketi. Tukaipanga programu vizuri: mshiriki akiwa kijana, sauti inasema hujambo, akiwa mtu mzima, inasema shikamoo, kisha inatoa maelekezo, kisha kazi inaanza. Na kwa kuwa jaribio lilikuwa na sehemu kadhaa zenye mapumziko katikati, Dada Zuhura alitaka kila sehemu ianze kwa heshima ileile. Kisha, kama kanuni za utafiti zinavyotaka, tulimwacha mshiriki peke yake, tukafunga mlango, tukakaa ngazini.

Jirani wa kwanza kuja alikuwa Bi Mwanaisha. Nataka msomaji amjue vizuri huyu bibi. Alikuwa mjane mwenye miaka sabini na kitu, na kila alasiri alikaanga viazi vya karai mlangoni kwake, kichochoro cha pili kutoka kwetu. Viazi vimevaa unga wa manjano, nje vinakwaruza, ndani laini, na ukwaju wake ulikuwa unakufanya ufumbe jicho moja. Tulikula kwake kila siku tukitoka kazini. Huku anageuza viazi, huku anarudisha chenji, huku anamsuta mtu aliyepita bila salamu, na habari ya harusi ya mtaa wa Kuze anaimalizia papo hapo. Alikubali kupimwa kwa sababu Dada Zuhura alimwomba, na kwa sababu, alisema, alitaka kuona hicho kiti chenye mto.

Jibu lake lilitoka baya. Akili yake, kwa hesabu ya kompyuta, ilikuwa nzito kupita kiasi cha umri wake. Dada Zuhura alikuwa amekubaliana na kliniki moja ya jirani kwamba majibu ya aina hiyo yapelekwe kwao, na kliniki ikamwita mwanawe. Mahmud alikuwa mtu wa zaidi ya hamsini, wakala wa kutoa mizigo ya watu bandarini, shati limepigwa pasi hadi mikono, na alimpenda mamake kwa ule upendo wa mtu anayetoa amri. Hakungoja uchunguzi wa pili. Alikuja na gari, akabeba karai, jiko na mtungi wa gesi, akapeleka kwake. Alisema mtu anayechelewa kuona duara atachelewa kuona moto. Akaongeza kuwa akishapata nafasi atamhamishia mama kwake, na nyumba ya kichochoroni itafungwa.

Alasiri ile tulimkuta Bi Mwanaisha amekaa barazani, mikono juu ya magoti, hana cha kugeuza. Hiyo ndiyo picha iliyoniuma mwaka ule, na inaniuma hadi leo nikila mbaazi na rafiki yangu. "Mwanangu yuwaogopa nitateketeza mtaa," alituambia. "Mie nimekaanga tangu yeye hajaota meno." Alitutazama mmoja mmoja. "Nyinyi wenye mashine, mwaniona nimeharibika kitwa?" Tulipopanda juu Dada Zuhura alikuwa anatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Alisema, "Nimemfunga mikono mama wa watu kwa kitu nisichokuwa na hakika nacho." Akasema pia kwamba ujirani si ushahidi, na kwamba kumpenda mtu hakumponyi, huenda kompyuta imeona tusichokiona sisi walaji wa viazi. Akataka tukague kila kitu. Na hapo, Mungu anisamehe, pamoja na huzuni ile yote, ndipo raha yangu kubwa ya mwaka ilipoanza.

Kwa kuwa programu ilikuwa wazi, hatukulazimika kuridhika na jibu la mwisho. Tulitoa kila bonyezo la Bi Mwanaisha, moja baada ya jingine, tukalitazama. Mengi yalikuwa mazuri, tena mepesi. Lakini bonyezo la kwanza la kila sehemu lilikuwa limechelewa mno, na hayo machache ndiyo yaliyovuta hesabu yote chini. Tukafungua ya wazee wengine waliokuja baadaye: vilevile. Vijana hawakuchelewa hivyo kabisa. Niliruka kitini. Salim alisema ni kompyuta inachelewa kumaliza sauti, akabadilisha spika. Hapana. Akabadilisha kibodi, akabadilisha skrini, akaleta feni kutoka Tononoka akisema ni joto. Hapana. Tulijijaribu sisi wenyewe na tulikuwa wepesi kama paka. Nikawaandikia watu wa ng'ambo wanaoitunza ile programu, kwa Kiingereza changu cha barua za kazi, na siku ya pili wakanijibu, watu wasionijua, wakaniomba niwatumie vipimo, wakaikagua saa nami hatua kwa hatua. Saa ilikuwa nzima. Nilimwambia Dada Zuhura tutupe tu yale mabonyezo ya kwanza, hesabu itakaa sawa, bibi atarudishiwa jiko. Alinikatalia papo hapo. "Ukitupa usichokielewa, Mwakio, hujui umetupa nini. Labda ndio ugonjwa wenyewe."

Akamwendea Mahmud, akamwomba mama apimwe tena. Alikubali kwa shingo upande. Ilikuwa ni msimu wa masika, na mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na mlango wa chumba chetu, mbao za zamani, ulikuwa umevimba. Tuliusukuma kwa mabega, haukufunga. Dada Zuhura alitaka kuahirisha. Bi Mwanaisha akasema amepanda ngazi zile na magoti yake, hashuki bila kubonyeza kitu. Basi tukauacha wazi kiasi cha kupitisha kichwa, tukakaa ngazini kimya. Nikasikia sauti yangu mwenyewe kutoka ndani: "Shikamoo." Kisha ikaendelea na maelekezo yake, ukiona duara jekundu, bonyeza kitufe. Bi Mwanaisha aliisikiliza hadi mwisho, maana mtu mzima hamkatizi msemaji. Ilipokwisha, akajibu. "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazee nyumbani hawajambo? Haya, alhamdulillahi." Kimya kidogo, kama mtu anayempa mwenziwe nafasi ya kujibu. Halafu: ta. Kitufe.

Salim alinishika mkono akaubana hadi ukaniuma. Dada Zuhura alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Saa yetu ilikuwa inaanza pale maelekezo yanapokwisha, na duara lilikuwa tayari limetokea, linangoja, huku bibi wa watu anauliza hali ya wazazi wangu. Sehemu ya pili ilipoanza akaamkiwa tena, akaitikia tena, ingawa kwa ufupi. Vijana tunawasalimu hujambo na wanaipuuza kompyuta. Nani ataipuuza shikamoo? Alipomaliza tuliingia sote kwa pamoja tukakwamana mlangoni, na Dada Zuhura akamuuliza kwa upole kwa nini alikuwa anazungumza. Alishangazwa na swali. "Kijana yuwaniamkia, nimnyamazie?" akasema. "Nimnyime marahaba mtoto wa watu, amenikosea nini?" Nilimwambia kijana mwenyewe ni mimi. Akanipima kwa macho toka juu hadi chini, akasema sauti yangu kwenye mashine ina adabu kuliko mdomo wangu.

Nilitaka kupiga kelele dirishani. Salim akasema tuiondoe tu shikamoo, kazi imekwisha. Dada Zuhura akakataa: salamu iliyoitikiwa vizuri haifukuzwi. Mashine ndiyo ingojee. Basi tukakaa kuandika, mimi na Salim, juma zima, ofisi ya Mbaraki nikiipa mwili wangu tu. Tuliweka maikrofoni mezani. Sauti ikishaamkia, kompyuta inanyamaza na kusikiliza. Mtu akiitikia inamngoja amalize. Akikaa kimya kitambo, inatoa maelekezo, na duara linatokea baada ya hapo, na saa inaanza na duara, si kabla. Jambo dogo, mistari michache. Lakini tulipoituma kwa wale watu wa ng'ambo, mama mmoja miongoni mwao aliuliza kwa nini mtu azungumze na programu, na Dada Zuhura akamwandikia maelezo marefu kuhusu marahaba ni nini na mtu mzima anaionaje salamu isiyoitikiwa. Jibu lilikuja tukiwa tunakula, Salim ana kachri mdomoni. Wameipokea. Itaingia kwa kila mtu, kila mahali. Salim alipaliwa. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Nilikuwa karani wa mizigo, na kitu nilichokitengeneza kwenye chumba kinachonukia udi kilikuwa kimekwenda duniani kwa miguu yake. Siku ile nilijua kazi ya maisha yangu, na sijafanya nyingine tangu hapo.

Lakini karai lilikuwa bado kwa Mahmud. Bi Mwanaisha alipimwa mara ya tatu kwa programu mpya, na jibu lilitoka safi, wepesi wake ukiwapita wengi wa rika lake. Mahmud aliitwa. Alikuja na funguo za gari zinamning'inia kidoleni, akasikiliza maelezo yote akiwa amesimama, na Dada Zuhura alipomaliza alitabasamu kwa huruma iliyonikera. "Kwa hiyo mwaniambia," akasema, "mamangu alikuwa anaongea na mashine. Peke yake, chumbani. Anaiuliza hali ya nyumbani. Na hiyo mwaona ndiyo habari njema?" Hatukuwa tumelifikiria hilo. "Mtu mwenye akili timamu hajibu mashine," akamalizia. "Mimi naona sasa ndiyo nimchukue leo leo." Bi Mwanaisha, kwenye kile kiti chenye mto, aliinamisha uso akaanza kulikunjakunja buibui lake kwa vidole. Yote tuliyoyaandika, yote yaliyopokelewa ng'ambo, hayakumfaa kitu.

Dada Zuhura hakubishana. Alisema kwa adabu, "Kaka Mahmud, hatuna mtu wa umri wako wa kulinganisha. Tungekuomba uketi dakika chache, kisha ufanye unavyoona." Alitaka kukataa, lakini Salim alishamvutia kiti, na mwanamume hapendi kuonekana anaogopa duara. Aliketi, akaweka funguo mezani. Sisi sote tukatoka, mama naye, tukajipanga ngazini. Mlango ulikuwa bado umevimba. Sauti yangu ikasema shikamoo. Kimya. Nilimsikia hata akiguna kwa dharau. Kitufe kikaanza kulia, upesi upesi, mtu anayetaka kushinda. Sehemu ya pili: shikamoo. Kimya tena, na Salim akafumba macho. Mabonyezo yakaendelea, yakazidi kasi, ikawa wazi kuwa bwana ameshaingia mchezoni, amesahau kiti, ametusahau sisi. Mapumziko yakapita. Sauti yangu ikasema, kwa mara nyingine, shikamoo.

"Marahaba," akasema Mahmud.

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanaisha aliinuka kutoka ngazini, akashika ukuta, akausukuma mlango uliovimba hadi akapita ubavu. Mwanawe alikuwa amegeuka kitini, mdomo wazi, masikio mekundu. Mama akanyoosha mkono, kiganja juu. "Mahmud, nipa funguo za gari," akasema. "Mtu anayejibu mashine hafai kushika usukani." Alisimama hivyo, mkono haushuki, hadi mtu mzima yule akazitazama funguo mezani, akamtazama mamake, akazichukua taratibu akaziweka kwenye kile kiganja. Bi Mwanaisha alizishika kidogo, akazipima uzito, kisha akamrudishia. Mahmud aliteremka ngazi bila kutuaga, na kabla ya magharibi gari lake lilisimama mdomoni mwa kichochoro, buti wazi, na yeye amebeba mtungi wa gesi begani, lile shati la pasi limelowa, mamake akimwelekeza pa kuutua.